Siku Tatu

Baba alizikwa Jumanne, kabla ya adhuhuri,
na Jumanne hiyohiyo, nyuma ya jiko,
msalaki wa mstari wa nne ukapasua karara.

Mama aliuona akienda kuosha vikombe vya wageni.
Hakusema neno. Alichutama,
akatenga miba kwa ncha ya kisu, akachungulia:
maua nayo yalikuwa yakichungulia, mekundu,
kama fizi za mtoto anayeota meno.

Hapa Turi, kwenye miteremko ya Merapi,
hata watoto wa chekechea wanaijua hesabu hii.
Ua jike hufungua mlango siku tatu.
Ya kwanza lina haya.
Ya pili linanukia, ukiinama unalisikia kooni.
Ya tatu linageuka rangi ya chai iliyopoa,
na baada ya hapo bisha hodi upendavyo,
hakuna mwenyeji.

Dume letu ni moja, liko mpakani kwa Pak Wignya,
linaning'iniza mikia yake ya unga
bila kujua imfikie nani.
Upepo haupiti humo. Makuti yamebanana,
miba mirefu kama sindano za kushonea magunia.
Fukusi wanajitahidi, maskini,
weusi, wadogo kuliko ufuta,
wanatoka duméni na chavua mgongoni,
lakini fukusi naye ana safari zake.
Basi kazi ikaangukia mikono ya watu,
na kwetu ilikuwa mikono ya Baba.

Kuoza, ndivyo alivyoiita.
"Leo naoza watano," na anavaa glavu,
anatoka kama mshenga, kofia upande.
Jioni akirudi mikwaruzo imemjaa hadi kwenye viwiko.
Ua lisiloozwa, alisema, huoza.

Jumatano mvua ilinyesha kutwa.
Alhamisi ilikuwa tahlili ya siku ya tatu.
Wali ulikuwa motoni, mikeka imetandikwa,
wanaume wanaulizana nani ataongoza,
na Mama hayupo.

Nilimkuta amevaa glavu ya Baba,
vidole vyake vimeishia katikati ya vidole vya glavu.
Alikuwa ameshakata mkia mmoja wa dume.
Akaugonga juu ya ua jike, tatu, nne,
unga ukashuka, mwingine ukamkaa kwenye kope.
Kisha akachukua kikombe cha plastiki,
kile cha maji tuliyowagawia waombolezaji,
akalifunika ua lisilowe.

Bu Paniyem alikuwa amesimama penye ua wa mianzi.
"Udongo wa mumewe haujakauka," alisema,
kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe.
Mimi, niliyefika kutoka Batam kwa ruhusa ya siku kumi,
nilitazama viatu vyangu.

Mama alirudi jikoni, akanawa, akapakua.

Siku ya mia moja, tulipomsomea tena,
vidaka vilikuwa sawa na kidole gumba.
Mjomba alichuma kimoja akatema:
kikavu, kikali, kinakausha ulimi.
"Nani alikuambia uchume?" Mama akamuuliza,
na hilo ndilo neno refu alilosema siku ile.

Mwezi wa sita lile shada likaiva.
Alilikata mwenyewe, akaliweka mezani
chini ya picha ya Baba, kisha akaona haifai,
akalihamishia sakafuni tulipokuwa tumekaa.
Ganda la salaki ni magamba ya nyoka,
unalibana nchani linavuka.
Ndani vipande vitatu vyeupe vimekumbatiana.
Sahani moja ilikwenda kwa Bu Paniyem.
Ilirudi na mayai mawili.

Mbegu tatu alizihifadhi kwenye majivu,
akazipanda mpakani, karibu na yule dume.
Haijulikani zitatoa nini.
Msalaki hausemi kama ni mume au mke
mpaka uote, ukue, ukuchome miaka mitatu, minne.

Niko bado. Batam waliacha kupiga simu.
Mama anasema angetaka dume.
Yule wa zamani, anasema, amechoka.